SOMO: Kuijua Kahawa Yetu Ikiwa Kikombeni

Wakulima wengi wa Kilimanjaro, Mbinga na Kagera huchuma kahawa kila msimu, lakini nyumbani hunywa chai. Wakiingia mkahawani mjini hukuta orodha ya majina mageni. Somo hili linaeleza majina hayo, maana anayeuza zao ni vema ajue mnunuzi hulinywaje.

Vinywaji vyenyewe

Karibu vyote huanzia kwenye espreso. Hii ni kahawa iliyosagwa laini, gramu 7 hadi 9, ambayo mashine huipitishia maji ya moto kwa msukumo mkubwa kwa sekunde 25 hadi 30. Hutoka nzito, mililita 30 hivi. Usishangae kikombe kuwa kidogo.

- Amerikano: espreso iliyoongezwa maji ya moto.
- Makiato: espreso yenye povu kidogo la maziwa.
- Kapuchino: espreso, maziwa ya moto na povu jingi.
- Late: espreso yenye maziwa mengi na povu dogo.

Namna ya kuagiza

Taja kinywaji, kisha ukubwa wa kikombe. Ukipenda kali, omba espreso mbili ndani yake. Onja kabla ya kutia sukari. Halafu uliza: "Kahawa hii imetoka wapi?" Arabika, kama ya Kilimanjaro na Mbinga, hunukia vizuri na ina uchachu kidogo. Robusta, inayolimwa zaidi Kagera, ni chungu na nzito zaidi.

Linalotuhusu

Maziwa na sukari huficha kasoro, espreso haifichi. Ndiyo maana waonjaji wa kahawa huionja tupu wanapopima ubora wake, na bei hufuata ubora huo. Kilo 1 iliyokaangwa hutoa espreso zaidi ya 100, hivyo punje chache mbovu huwafikia wanywaji wengi. Mkulima hapangi bei ya mkahawani, lakini ubora huanzia mikononi mwake. Kwa arabika: achume zilizoiva nyekundu tu, azimenye siku hiyo hiyo, na aanike juu ya vichanja, si chini.

Wafadhili wetu nao wana sehemu yao. Wateja wakizoea kuuliza kahawa ilikotoka, mwenye mkahawa naye atamuuliza anayemuuzia.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Wakulima wetu wangapi wamewahi kuonja kahawa yao wenyewe?
2. Nani hukagua kahawa kabla haijamenywa?
3. Je, tunaweza kuandaa siku moja ya kuonja kabla ya msimu ujao?