Marafiki na Ibada ya Kimya

Tuliposoma darasani habari za kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, jina la Marafiki, yaani Waquaker, lilitokea mara kwa mara, na wengi wenu mliniuliza ni watu gani hao. Saa ya somo ni fupi; kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze hapa, na wazazi nao wapate kusoma.

Chama hiki kilianza Uingereza katikati ya karne ya 17. George Fox, mwana wa mfumaji nguo, alizaliwa mwaka 1624. Ujanani alizunguka akiwauliza mapadri na wahubiri, asipate jibu la kumtuliza. Mwisho alisadiki kwamba ndani ya kila mtu, mume kwa mke, tajiri kwa mkata, mna nuru itokayo kwa Mungu. Mengine yote yalitokana na hilo. Marafiki hawakuvua kofia mbele ya wakubwa. Hawakuapa mahakamani, kwani aapaye ni kama kukiri kwamba siku nyingine husema uwongo. Dukani walitaja bei moja tu. Kwa ajili ya kofia na viapo wengi walitiwa gerezani. Kwa ile bei moja, naona, walipata wateja.

Ibada yao ya asili haina mhubiri wala mimbari. Watu huketi kimya wakingoja. Asukumwaye moyoni, mzee au kijana, husimama, akasema machache, akaketi, kimya kikarudi. Pengine saa nzima hupita pasipo neno, kisha watu hupeana mikono, wakaenda zao.

Hata mashauri yao huendeshwa vivyo hivyo. Hawapigi kura. Karani husikiliza, kisha huandika lile aonalo kuwa ndiyo nia ya mkutano, akalisoma papo hapo. Wasipoafikiana, shauri hungoja. Hivyo mtu mmoja aliye na neno la haki hawezi kuzimwa kwa wingi wa mikono.

Lakini hapa nataka mfikiri sana. Mwaka 1688, huko Germantown katika Pennsylvania, watu wanne waliandika barua kuwauliza Marafiki wenzao ni kwa haki gani mtu humnunua mtu. Mkutano mkuu uliona jambo ni zito mno, ukaliweka kando. Marafiki wengi, msisahau, walikuwa wenyewe na watumwa.

Kisha akatokea John Woolman (1720–1772) wa New Jersey. Alipokuwa kijana akifanya kazi dukani, bwana wake alimwagiza aandike hati ya kumwuza mwanamke mtumwa. Aliandika, huku dhamiri ikimsuta. Baadaye alikataa kuandika wasia wowote wa kurithisha watu. Alisafiri nyumba kwa nyumba akizungumza na wenye watumwa kwa upole, na alipokaribishwa kwao aliacha fedha za kuwalipa watumwa waliomhudumia. Mwaka 1758 mkutano wa Philadelphia ulikubali kwamba anunuaye au auzaye watumwa asishiriki tena katika mashauri ya chama. Mwaka 1776 waliokataa kuwaacha watumwa wao huru walitengwa.

Tangu 1688 hadi 1776 ni miaka 88. Husemwa kwamba uvumilivu huo ulikiokoa chama kisipasuke, na mimi sikatai. Hata hivyo mtumwa wa mwaka 1688 alikufa akingoja, na wajukuu wake huenda walizaliwa utumwani. Waliokuwa wakingojeana katika kimya kile walikuwa mabwana. Mtumwa hakuulizwa kama naye anaweza kungoja.

Walipokwisha kuamua, lakini, hawakurudi nyuma. Mwaka 1783 Marafiki wa Uingereza walipeleka ombi Bungeni kupinga biashara ya watumwa, na kati ya watu 12 walioanzisha kamati ya kuipinga mwaka 1787, 9 walikuwa Marafiki. Mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa katika sheria za Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza walikwenda Pemba kufanya kazi pamoja na walioachwa huru.

Kenya, Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Walio wengi hapa wana wachungaji na nyimbo. Mgeni aendaye ibada ya Jumapili huko Vihiga akitazamia kimya atapokewa kwa kwaya.