Mizani ya Kahawa na Uchaguzi wa Amplifaya

Mji wa Mlowo uko katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Wilaya hiyo ni mashuhuri kwa zao la kahawa. Msimu wa mavuno ufikapo, mkulima hupeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, ikapimwa uzito ndipo hesabu ya malipo ifanywe. Mizani ya elektroniki ikikosea kwa asilimia 1 tu, katika kila kilo 60 mtu mmoja hupoteza gramu 600. Kosa la namna hiyo laweza kutokana na sehemu moja ndogo iliyomo ndani ya mizani: amplifaya, yaani chombo kinachokuza ishara dhaifu ya umeme.

Ishara itokayo kwenye mizani

Chini ya sahani ya mizani mna kipande cha chuma kilichobandikwa vikinza vyembamba vinne, vilivyounganishwa kwa mtindo wa daraja la Wheatstone. Mzigo uwekwapo, chuma hupindika kidogo sana, ukinzani hubadilika, na tofauti ndogo ya volteji hutokea baina ya nyaya mbili. Vitambuzi vingi hutoa milivolti 2 kwa kila volti 1 vinayopewa, vikiwa vimebeba mzigo kamili. Basi kitambuzi cha kilo 100 kilichopewa volti 10 kitatoa milivolti 20.

Ikitakiwa volti 5 kwa kilo 100, kiasi cha ukuzaji kitakuwa:

5 ÷ 0.020 = 250

Kwa kuwa kinachokuzwa ni tofauti baina ya nyaya mbili, hutumika amplifaya ya vipimo, ambayo ina milango miwili ya kuingizia ishara.

Hatua au mfululizo?

Zipo amplifaya ambazo ukuzaji wake hupanda kwa hatua: mara 1, 10, 100 na 1,000. Hapa hazifai peke yake. Mara 100 hutoa volti 2 tu; mara 1,000 ingedai volti 20, na amplifaya yenye ugavi wa volti 12 haiwezi kuzitoa. Zaidi ya hayo, vitambuzi havilingani kabisa. Kimoja chaweza kutoa milivolti 18 na kingine 22, hivyo ukuzaji hauna budi kurekebishika kati ya 227 na 278.

Katika amplifaya iitwayo AD620, ukuzaji huamuliwa na kikinza kimoja cha nje, R, kwa omu:

Ukuzaji = 1 + 49,400 ÷ R

Kwa ukuzaji wa 250, R ni omu 198.4. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba inatosha kuweka potenshiometa ya omu 500 yenye mizunguko 20. Lakini kila mzunguko wake ni omu 25, nazo ni takriban asilimia 12.6 ya 198.4. Kwa mzigo wa kilo 60, mzunguko mmoja wa bisibisi utahamisha kipimo kwa kilo 7.5 hivi. Mkono wa fundi hauwezi kutulia hapo.

Njia bora ni kuunganisha kwa mfuatano kikinza thabiti cha omu 174 na potenshiometa ya omu 50. Ukuzaji utakuwa kati ya 222 na 285, na mpaka unaohitajika umo ndani yake. Sasa mzunguko mmoja ni omu 2.5, yaani asilimia 1.3 hivi. Kanuni ni hii: urekebishaji uwe mpana kiasi cha kufidia tofauti za vifaa, usizidi hapo.

Ulaini pasipo uthabiti

Kurekebisha kwa ulaini hakuna faida ikiwa ukuzaji hautulii. Asubuhi za nyanda za juu huwa za baridi na mchana hupata joto. Kikinza kinachobadilika kwa sehemu 100 katika milioni kwa kila digrii kitabadilika kwa asilimia 0.15 joto likipanda kwa digrii 15. Kwa kilo 60 hiyo ni gramu 90. Kwa sababu hiyo huchaguliwa vikinza vya utando wa metali, si vya kaboni.

Amplifaya zinazoongozwa kwa volteji, kama AD603, hubadilisha ukuzaji mfululizo bila bisibisi. Hizo hufaa redioni, ambamo ishara hupanda na kushuka kila mara. Katika mizani, badiliko dogo la volteji ya kuongoza lingekuwa kosa la uzito.

Njia nyingine ni kuacha ukuzaji usibadilike kabisa. Saketi unganifu HX711 hukuza mara 128 au 64, hugeuza ishara kuwa tarakimu, kisha sahihisho hufanywa kwa hesabu. Namba haipati joto wala kulegea.

Kwa njia yoyote, kwanza mizani tupu hurekebishwa isome sifuri, kisha huwekwa uzito uliothibitishwa na ukuzaji hurekebishwa. Kifaa cha maabara ya shule ni cha kujifunzia tu. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002.

Zoezi

1. Kitambuzi hutoa milivolti 3 kwa volti, nacho kimepewa volti 5. Zikitakiwa volti 3 kwa mzigo kamili, tafuta ukuzaji na R ya AD620. (Jibu: 200, omu 248.2.)
2. Eleza kwa nini sifuri hurekebishwa kabla ya ukuzaji.