Neno la mtoto halifutwi na kikao cha ukoo

Tuseme ni jioni Buyenzi, swala ya Isha imekwisha. Wiki mbili zimepita tangu mahakama imhukumu shemeji yako, mdogo wa mume wako, kwa kumbaka binti yako wa miaka 9. Hodi mlangoni. Baba mkubwa anaingia na wazee wawili, mkononi ana sukari na sabuni. Anaulizia watoto, anaomba maji ya kunywa, kisha anatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa.

"Mke wetu, kijana amekata rufaa. Weka sahihi hapa tu, useme mtoto alikosea. Mtu asifie gerezani Mpimba kwa jambo la nyumbani."

Makala ya leo ni ya usiku huo. Familia nyingi hudhani kazi imekwisha siku hukumu inaposomwa. Kumbe siku za rufaa ndizo siku za shinikizo kubwa zaidi, na mama asiyejua haki zake huweza kuyapoteza kwa sahihi moja yote ambayo mtoto wake alijikaza kuyasema.

Rufaa ni nini?

Rufaa ni kuomba mahakama ya juu iangalie upya hukumu ya mahakama ya chini. Mjini Bujumbura, kesi ya kumbaka mtoto husikilizwa kwanza na mahakama kubwa, ile tunayoiita Grande Instance. Rufaa yake huenda kwenye Mahakama ya Rufaa. Huko majaji hutazama ukweli wa mambo na sheria pia: alichosema mtoto, alichoandika daktari, adhabu iliyotolewa. Juu kabisa ipo Mahakama ya Juu, ambayo kazi yake katika kasasio ni kukagua kama sheria ilifuatwa. Mtoto haitwi huko kusimulia upya.

Aliyehukumiwa ana haki ya kukata rufaa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unasema hivyo katika ibara ya 14. Usiione haki hiyo kuwa tusi kwa mtoto wako. Wapo waliofungwa bila hatia, na hukumu iliyopimwa mara mbili ikasimama ni ngao imara kwa mtoto. Unachopaswa kukataa ni rufaa inayochezwa nje ya mahakama, sebuleni kwako.

Nani anaweza kukata rufaa?

Wa kwanza ni mshtakiwa. Wa pili ni parke, yaani mwendesha mashtaka wa Jamhuri: akiona mtu ameachiwa pasipo haki, au adhabu ni ndogo mno, anaweza kupinga. Wa tatu ni wewe, mzazi au mlezi, ikiwa ulijiunga na kesi kwa niaba ya mtoto kama upande wa madai. Lakini rufaa yako wewe hugusa fidia. Huwezi kuomba kifungo kiongezwe; hilo liko mikononi mwa parke.

Kwa hiyo shemeji akiachiwa, usirudi nyumbani ukalie tu. Nenda parke siku hiyo hiyo, na avoka (wakili) wako kama unaye, useme wazi: "Tunaomba mkate rufaa." Sheria zetu zimezaliwa na mapokeo ya Ubelgiji na Ufaransa, na humo mshtakiwa akikata rufaa peke yake, kwa kawaida adhabu yake haiongezwi. Parke ikinyamaza, mlango wa adhabu kubwa zaidi unafungwa.

Muda ni mfupi. Usiazime hesabu ya jirani wala ya ndugu aliyeko ng'ambo: Kenya ni siku 14, na Tanzania bara taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10. Hapa kwetu inatawala Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ya 11 Mei 2018. Siku hukumu inaposomwa, kabla hujatoka uani, mwombe karani akuandikie tarehe ya mwisho ya rufaa, kisha uombe kopi ya hukumu. Kama haikuandikwa kwa lugha unayoisoma, tafuta wa kukusomea neno kwa neno.

Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema

Hapa ndipo rufaa nyingi za namna hii huponea au huanguka. Katika nyumba yenye mkosaji na mtoto peke yao, shahidi wa macho hayupo. Lipo neno la mtoto.

Mtoto wa Buyenzi husema Kiswahili. Afisa wa polisi huandika PV, yaani maandishi rasmi ya mahojiano, kwa Kifaransa au Kirundi. Mtoto akisema "alinishika", neno hilo laweza kuandikwa kama kuguswa tu, au kama kubakwa. Mbele ya jaji anaeleza yote, na avoka wa upande wa pili anasimama: "Mheshimiwa, mtoto amebadili maneno." Mtoto hakubadili kitu. Aliyebadili ni mwandishi.

Kenya walilikuta jambo hili. Watoto wengi huko husimulia kwa aibu, "alinifanyia tabia mbaya", na washtakiwa walikuwa wakidai kwenye rufaa kwamba maneno hayo hayaonyeshi tendo lolote. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba mtoto aliyeumizwa huona haya kutaja tendo mbele ya watu, na kwamba mahakama inaweza kuielewa lugha hiyo ya mafumbo kwa maana yake inayojulikana.

Tanzania nayo inatupa mafunzo mawili. La kwanza linatia moyo: katika hukumu iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. La pili linauma. Mwaka 2016 sheria ya ushahidi ilibadilishwa ili mtoto mdogo aweze kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Katika rufaa namba 168 ya mwaka 2018, iliyosikilizwa Bukoba, hukumu ya kumbaka mtoto ilitenguliwa kwa sababu ahadi hiyo haikuchukuliwa inavyotakiwa. Kesi ilianguka kwa kosa la watu wazima.

Sheria hizo si zetu, lakini zinatuonyesha pa kukaza macho. Mtoto anapohojiwa, keti karibu naye na usimjibie. Omba maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili alichotumia, kisha tafsiri ifuate. Omba PV isomwe kwa sauti kwa lugha mnayoielewa kabla ya kutia sahihi. Neno likiwa si lake, lisahihishwe palepale. Na nyumbani usimkaririshe. Mtoto aliyefundishwa hujulikana kwa jaji, na ukweli wake wote huingia doa.

Cheti cha daktari na kadi ya chanjo

Mwaka 2003 Médecins Sans Frontières walifungua hapa Bujumbura kituo cha Seruka kwa ajili ya waliobakwa. Kwa Kirundi neno hilo lina maana ya kujitokeza. Gitega kipo kituo cha Humura. Mpeleke mtoto mapema iwezekanavyo: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanza ndani ya saa 72. Usimwogeshe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zake ziweke kwenye karatasi au kitambaa, si kwenye mfuko wa plastiki. Saa hizo zikipita, nenda tu. Matibabu bado yapo, na ushahidi pia.

Kwenye rufaa utasikia: "Daktari hakukuta jeraha, basi hakuna kilichotokea." Usivunjike moyo. Watoto wengi walioingiliwa huonekana hawana jeraha wanapopimwa, kwa kuwa mwili wa mtoto hupona haraka, na ndugu wa nyumbani mara nyingi hutumia vitisho na zawadi kuliko nguvu. Avoka wako amwombe daktari aandike hivyo katika maelezo yake.

Utasikia pia hoja ya umri. Sheria ya Burundi haimtambui aliye chini ya miaka 18 kuwa na uwezo wa kukubali tendo hilo, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo adhabu inavyokuwa nzito. Hivyo weka pamoja cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na karatasi ya shule. Umri usiothibitishwa ni tundu ambalo rufaa hupitia.

Karatasi ya kujitoa ina nguvu gani?

Sasa turudi kwa Baba mkubwa. Karatasi yake inaweza kukuondoa wewe katika madai ya fidia. Kesi ya jinai haiizimi, kwa kuwa kesi hiyo ni ya Jamhuri. Ukoo hauwezi kusamehe kwa niaba ya mtoto. Bashingantahe, wazee wetu wasuluhishi, tunawaheshimu, wamepatanisha watu kwa mipaka ya mashamba na ugomvi wa majirani, lakini ubakaji haumo katika mamlaka yao, wala katika mamlaka ya nyumbakumi. Sheria namba 1/13 ya 22 Septemba 2016 ilitungwa makusudi kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia na kuwalinda waathirika.

Lakini karatasi hiyo ina sumu nyingine. Itasomwa mbele ya majaji wa rufaa kama ushahidi kwamba hata mama hamwamini mwanawe. Kama ulikwisha kuisaini kwa hofu au kwa njaa, hujachelewa. Nenda parke, eleza nani alikuja, siku gani, alisema nini na alileta nini, uombe yaandikwe. Jaji akijua sahihi ilitolewa kwa shinikizo, ataipima kwa jicho hilo.

Siku ya rufaa

Jalada sasa liko kwa parke kuu ya Mahakama ya Rufaa, kwa mtu asiyewahi kumwona mtoto wako. Mtafute, jitambulishe, mwachie namba ya simu. Usipofanya hivyo, kesi inaweza kusikilizwa bila wewe kujua.

Omba milango ifungwe wakati wa kusikiliza. Omba mtoto asiitwe tena ikiwa maneno yake ya awali yanatosha. Akiitwa, asikalishwe uso kwa uso na aliyemuumiza. Omba mkalimani ikiwa hamuelewi lugha inayotumika. Uliza mapema pia mshtakiwa yuko wapi na lini anaweza kutoka, ili mtoto asikutane naye ghafla dukani. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unaitaka serikali katika ibara ya 19 imlinde mtoto hata dhidi ya wanaomlea. Na katiba yetu inaufanya mkataba huo kuwa sehemu yake.

Kama huna uwezo wa kulipa avoka, omba kwenye komine cheti cha kutokuwa na uwezo, na waone wanawake wanasheria wa AFJB, ambao hutoa ushauri wa sheria.

Jibu la kumpa Baba mkubwa

Hulazimiki kumfukuza mzee wa watu. Mpe maji yake, msikilize, kisha umwambie kwa adabu: "Baba, rufaa ni haki ya kijana. Akaseme huko, na mimi nitakuwepo. Lakini karatasi hii ni ya mtoto, na mtoto alishasema." Sukari na sabuni arudi nazo.

Akishaondoka, andika tarehe, saa na majina ya waliokuja. Kisha ingia chumbani kwa binti yako. Huenda alikuwa macho, anasikiliza nyuma ya pazia, kujua kama mama ataweka sahihi. Mwambie hukuweka.