Chokaa na manganezi: ndugu ndani ya jani, wapinzani ndani ya udongo



Katika mikutano ya koperativi tunapata sana ulizo hili: chokaa ni dawa ya udongo tu, ama inalisha mumea wenyewe? Tena kuna wachuuzi wanaopita na chupa za kalisiamu ya kunyunyizia majani, wanasema itayapa majani "nguvu ya jua". Tuangalie kwanza ndani ya jani kuko nini, ndipo tujue feza yetu iende wapi.

Maji yanapanda toka mizizi mpaka kwenye majani. Mengi yanatoka kama mvuke, lakini sehemu ndogo inapasuliwa mule ndani kwa nguvu ya jua. Oksijeni inatoka inje, ndiyo ile tunavuta. Chembe za umeme na za hidrojeni zinabaki, na ndizo zinasaidia jani kutengeneza sukari, ambayo kesho inakuwa unga wa mahindi na mafuta ya kalanga. Mukitaka kuona kwa macho, wekeni majani ya mtoni ndani ya chupa nyeupe yenye maji, muiache juani: mapovu yanapanda. Mukiipeleka kivulini, yanapunguka.

Mahali pa kupasua maji ni padogo kupita kiasi: chembe 4 za manganezi, chembe 1 ya kalisiamu na chembe 5 za oksijeni zinazoziunganisha. Manganezi ni ile ile ya Kisenge, kule Lualaba. Kalisiamu ni ile ya mawe ya chokaa ya Lubudi, ama ya Kakontwe karibu na Likasi. Umbo lake lilionekana wazi mwaka 2011, wakati kikundi cha Jian-Ren Shen na Nobuo Kamiya huko Japani kilipolichunguza kwa mionzi ya eksirei. Walisema linafanana na kiti kilichopinda.

Mwangaza ukipiga mara nne, chembe nne za umeme zimetoka, na oksijeni inazaliwa. Kalisiamu yenyewe haitoi umeme. Inashika maji karibu na kuwaweka wenzake sawasawa, kama yule anayeshikilia kinu wakati wengine wanatwanga: hatwangi, lakini akiachilia, unga unamwangika. Wataalamu wakiitoa, kazi inaanza, kisha inakwama katikati. Wakiweka magnesiamu pahali pake, hakuna kitu. Stronsiamu peke yake inaweza kuishika kazi hiyo, tena polepole.

Sasa, musidanganyike. Chembe moja ni kidogo kabisa, na jani karibu kila mara liko nayo. Kalisiamu ikikosekana, mumea unaumia kwanza kwingine: machipukizi yanakufa, tako la tomati linaoza na kuwa jeusi, kalanga zinatoa maganda matupu. Maneno ya "nguvu ya jua" ndani ya chupa hayana msingi.

Kwa kalanga, mahali pa kuweka chokaa ni jambo kubwa. Kalisiamu inapanda na maji mpaka majani, na ikifika juu karibu haishuki tena. Ganda lililo chini ya udongo linanyonya lenyewe toka udongo unaolizunguka. Basi chokaa ichanganywe na udongo wa juu, pale vikonyo vya maua vinapoingia, na iwekwe mapema mbele ya kupanda, juu inayeyuka polepole. Majivu ya jikoni nayo iko na kalisiamu, lakini iko pia na potasi nyingi, na potasi ikijaa pale inazuia ganda kupata kalisiamu. Majivu tuyapeleke kwa migomba.

Shida kubwa iko hapa. Udongo wetu mwekundu wenye uchachu unatoa manganezi kwa urahisi, pengine mpaka inageuka sumu. Chokaa inapunguza uchachu, na manganezi inajifunga. Ukimwaga chokaa bila kipimo, majani machanga ya maharagi yanakuwa manjano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Mkulima anafikiri ni njaa ya chokaa, anaongeza tena! Kumbe jani limekosa zile chembe nne, na kazi ya kupasua maji imelegea.

Kwa hiyo tupime udongo kwanza. Uchachu, yaani pH, ukiwa chini ya 5,5, chokaa iko na faida. Ukifika 6,5, mumefika, musiongeze hata mufuko mumoja. Tena muache mistari miwili ya kalanga bila chokaa katikati ya shamba. Siku ya mavuno muvunje maganda 100 ya kila upande, muhesabu yaliyo matupu, na muandike hesabu hiyo kwenye daftari la koperativi pamoja na bei ya chokaa muliyonunua.