Nyuso nne gizani: kusoma upekee katika video ya Queen



Wengi wetu tukiangalia video ya muziki tunaishia kusema "kali" au "mbovu", basi. Leo naomba tuisome moja taratibu, kama tunavyosoma shairi darasani. Nimechagua "Bohemian Rhapsody" ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1975. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, jina lake la kuzaliwa likiwa Farrokh Bulsara. Kabla ya umaarufu alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, London. Kwa hiyo mambo ya picha alikuwa anayajua.

Swali letu ni hili: video hii inaonyeshaje upekee wa mtu? Ila tuelewane kwanza, upekee si ubinafsi. Mbinafsi anataka vyote viwe vyake. Mwenye upekee ni yule ambaye ukimtoa, hakuna mwingine wa kujaza nafasi yake. Sisi tunavichanganya hivi viwili, ndiyo maana mtoto akijitofautisha kidogo tu anaambiwa anaringa.

1. Mwanga. Mwongozaji Bruce Gowers aliirekodi kwa saa chache tu katika studio za Elstree, karibu na London. Hakuna magari wala majumba. Kuna giza, na nyuso nne zinazomulikwa kutoka juu. Wazo hilo lilitoka kwenye jalada la albamu yao Queen II ya mwaka 1974, picha iliyopigwa na Mick Rock. Giza linaficha chumba, nguo na mali. Unabaki na shavu, jicho na nywele. Yaani upekee unapatikana kwa kupunguza vitu, wakati sisi tumezoea kuongeza.

2. Mpangilio. Nyuso zimekaa kama umbo la almasi: Brian May na nywele zake za mawimbi yuko juu, Freddie chini, wengine wawili, John Deacon na Roger Taylor, pembeni. Wamebanana, lakini hakuna anayemfunika mwenzake. Mtu anaweza kuwa ndani ya kundi na bado akaonekana.

3. Mwili na kazi. Kwenye sehemu za jukwaani, Freddie yuko kwenye piano. May anapiga gitaa alilolitengeneza mwenyewe na baba yake. Mwishoni Taylor, kifua wazi, anapiga gongo kubwa. Hata ukizima sauti, utajua nani ni nani.

4. Marudio. Katikati, uso mmoja unarudiwarudiwa kwenye skrini kama vioo viwili vinavyotazamana. Mwanzoni niliona ni ufundi tu. Nilipoangalia tena nikagundua kitu: uso ukishakuwa nakala nyingi, jicho linaacha kumtafuta mtu. Linaona nakshi.

Hapo ndipo nilipokamatwa. Nilipokuwa BTP nilifundisha Kidato cha Pili, watoto zaidi ya 60, sweta za aina moja, vichwa vyote vimenyolewa. Wiki ya tatu nilimpigisha magoti mwanafunzi kwa kelele alizopiga mwenzake. Akasema, "Siyo mimi, Ticha." Nikamwambia asijibizane na mwalimu. Baadaye niliujua ukweli, nikamwita pembeni kumwomba radhi. Akajibu, "Haina shida, Ticha. Huwa wanatuchanganya."

Kilichoniuma ni lile neno "huwa". Alishazoea. Na radhi yenyewe niliiomba pembeni, wakati adhabu niliitoa mbele ya darasa zima.

Nyumbani kwetu ni Kalenga. Makumbusho yetu yana fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake. Lilitafutwa kati ya mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen, likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo. Waliolitafuta hawakuwa na uso wa kuutazama wala sauti ya kuuliza. Mimi nilikuwa na vyote viwili, na mtoto mwenyewe aliniambia siyo yeye. Sina cha kujitetea.

Zoezi kwa msomaji, hasa wewe unayejiandaa kwenda BTP:

(a) Angalia video hii ukiwa umezima sauti. Kwa kila mmoja wa wale wanne, andika mambo mawili yanayomtofautisha. Nguo usizihesabu.

(b) Chagua mstari mmoja wa madawati katika darasa utakalofundisha. Fanya hivyo hivyo kwa kila mwanafunzi, na andika jina lake.

(c) Ukishindwa kwa mwanafunzi yeyote, usiseme hana upekee. Rudi ukamtazame tena.

Mimi safari ijayo nitaanza na (b), kabla sijaandika chochote ubaoni.