Tutunze Maghala Yetu ya Mawe

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika somo hili tutajifunza juu ya ukuta wenyewe. Ni ukuta wa mawe wa ghala au stoo ya zamani, iliyo pembeni mwa nyumba, kanisa au chama cha ushirika.

1. Maghala haya yalitoka wapi?

Zamani nyumba ya Mhaya ilikuwa msonge. Msonge ni nyumba ya mviringo, iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni mpaka karibu na ardhi. Watu walilala humo, na ng'ombe nao walilala humo. Kahawa ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kutafuna na kumkaribisha mgeni. Haikuhitaji ghala kubwa.

Baadaye kahawa ikawa zao la kuuza, na magunia yakawa mengi. Yalihitaji mahali pakavu penye mlango na kufuli. Mawe ya mchanga yako tele katika miamba ya Bukoba inayotazama Ziwa Viktoria. Wamisionari Wakatoliki, waliofika Kashozi mwaka 1892, walijenga kwa mawe na matofali. Wakulima wenye uwezo wakafuata. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika wa kahawa, BNCU, kiliundwa, na vyama vya msingi vikahitaji maghala vijijini. Kwa hiyo ghala la zamani ni ushahidi wa jasho la wakulima.

2. Adui wa ukuta ni nani?

Watu husema ghala limeanguka kwa sababu ya uzee. Sivyo. Jiwe halizeeki upesi. Adui mkubwa ni maji, na mji wa Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka.

Ukuta wa mawe wa zamani una nyuso mbili, wa nje na wa ndani. Katikati kuna vipande vidogo vya mawe na udongo. Bati likitoboka, maji huingia juu ya ukuta na kuosha udongo ule. Ndani hubaki tupu. Kisha ukuta hufura kama tumbo, na mwisho huanguka.

Maji hayaharibu ukuta tu. Kahawa iliyokauka vizuri ina unyevu wa asilimia 12 hivi. Ikilowa tena huota ukungu, na bei yake hushuka. Tundu moja la bati laweza kula jasho la msimu mzima.

3. Tetemeko la mwaka 2016

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa na mamia walijeruhiwa. Nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Shule ya sekondari ya Ihungo iliharibika vibaya, ikabidi ijengwe upya.

Tetemeko hutikisa ukuta huku na huku. Ukuta ambao nyuso zake hazikufungwa pamoja hutengana. Kwa hiyo fundi hodari huweka mawe marefu yanayopita toka uso mmoja hadi wa pili. Pia hufunga kuta zote kwa juu kwa mkanda wa zege wenye nondo, au kwa mbao imara.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tengeneza paa kabla ya kitu kingine. Ukuta chini ya paa linalovuja ni kazi bure.

Pili, chimba mtaro kuzunguka ghala. Maji yakimbie mbali na msingi. Ng'oa miti iliyoota ukutani ingali midogo.

Tatu, usipake saruji juu ya ukuta uliojengwa kwa udongo. Saruji hufunga maji ndani. Ziba viungo kwa udongo uliochanganywa na chokaa, unaofanana na ule wa zamani.

Nne, chunguza ufa. Piga mstari wa kalamu kukatiza ufa, na uandike tarehe kando yake. Rudi baada ya mwezi mmoja. Mstari ukiwa umetengana, ufa unakua. Hapo elimu yako ya kusoma na kuandika inaokoa maisha.

Tano, pima ukuta kwa timazi. Ukiwa umefura au umeinama, toa watu na mali, funga mlango, umwite fundi. Usiwaache watoto wacheze karibu.

5. Uamuzi ni wetu

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Maghala ya kahawa ni ya baadaye sana. Hayalindwi mpaka Serikali iyatangaze rasmi. Basi likitajwa shauri la kubomoa ghala na kuuza mawe, litajadiliwa katika mkutano wa kijiji au wa chama. Hudhuria. Uliza: Gharama ya bati ni kiasi gani? Gharama ya kujenga ghala jipya ni kiasi gani? Andika hesabu zote mbili, uzilinganishe, ndipo uinue mkono.

Pia waulize wazee wangali hai: Ghala lilijengwa mwaka gani? Nani walibeba mawe? Andika majibu yao katika daftari. Ghala likianguka bila kuandikwa, habari zake huanguka nalo.

Maswali

1. Kwa nini msonge haukuhitaji zizi la pembeni?
2. Maji huuharibuje ukuta wa mawe?
3. Utajuaje kama ufa unakua?
4. Tembeleeni ghala moja la zamani karibu nanyi. Andikeni mambo matatu yanayohitaji kutengenezwa, mkianza na la haraka zaidi.