Afukuaye Yaliyofichwa

Katika milima ya Umatengo mkulima hulima ngoro. Hufyeka majani, huyapanga miraba miraba juu ya mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Mgeni apitaye aweza kudhani kwamba shamba linaharibiwa kwa mashimo. Kumbe mashimo hayo ndiyo yazuiayo mvua isichukue rutuba bondeni. Kazi ya mwandishi afukuaye maovu ya wakubwa yafanana na hiyo.

Mwaka 1993 Stan Katabalo, wa gazeti la Mfanyakazi, alifichua jinsi ardhi ya Loliondo ilivyotolewa kuwa mahali pa kuwindia pa mkubwa mmoja wa jeshi kutoka Falme za Kiarabu. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na umeme ukaadimika, TANESCO ilifanya mkataba na kampuni ya Richmond ilete mitambo ya dharura. Mitambo ilichelewa. Magazeti yakauliza: kampuni hii ni ya nani, nayo ilipataje kazi hii? Maswali hayakukoma, hata Bunge likaunda Kamati Teule mwezi wa Novemba 2007, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye.

Kazi hii ina hatari. Januari 2008 Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage walivamiwa katika ofisi ya gazeti la MwanaHalisi. Mmoja alimwagiwa tindikali usoni, mwingine akakatwa panga.

Walakini kufukua si kuvumisha. Bwana Lowassa alikana kosa, akalalamika kwamba Kamati haikumhoji. Lalamiko hilo latukumbusha sisi tuandikao magazeti wajibu wetu. Mwandishi wa kweli husoma mkataba wenyewe, hutafuta jina la kampuni katika daftari la serikali, hupima maneno ya shahidi mmoja kwa ya mwingine, na humpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu kabla habari haijapigwa chapa. Asiyefanya hivyo ni mchongezi tu.

Labda mkulima wa Mpepai atasema, “Mambo ya Dar es Salaam yanihusu nini?” Yamhusu sana. Kodi imo katika vitu anunuavyo dukani, na mkataba mbaya hulipwa kwa fedha ya wote. Fedha iliyopotea huko ndiyo ambayo ingaliweza kununua dawa za zahanati yake au kutengeneza barabara ipitishayo kahawa yake.

Basi, wazazi, habari ya kashfa ifikapo nyumbani, wafundisheni watoto kuuliza mambo matatu: Hati iko wapi? Nani aliiona? Mtuhumiwa alijibu nini? Majibu yakikosekana, msiieneze. Yakipatikana, msimwite adui yule aliyeyatafuta. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na taifa nalo ni vivyo hivyo.